Mama Bahasha na Namba Mia Mbili na Kumi na Moja

Umma unatangaziwa, kwa heshima zote na bila ngoma, kwamba akili ya chuo kikuu imepatikana. Haikuwa maabarani. Haikuwa kwa maprofesa, ambao husaka miwani iliyo puani mwao. Ilikuwa nje ya ukumbi wa mitihani, nyuma ya meza yenye mguu uliotegemezwa kwa kigae, imekalia mto wa sponji, inafuma sweta ya mjukuu. Inaitwa Mama Bahasha.

Miaka ishirini na miwili Mama Bahasha aliazimisha vitabu maktabani. Wasomaji walipungua kama nywele za mkuu wa idara, hadi uongozi ukagundua kwamba kitu pekee wanafunzi walichokuwa wakikitumia mle ni soketi za umeme. Vitabu vikafungwa kamba, yeye akapelekwa kutunza simu za watahiniwa. Aliyemtangulia, mzee mpole, alilainishwa na machozi ya mwanafunzi akamfungulia bahasha isiyo yake. Wiki hiyohiyo akarudishwa nyumbani.

Kwa hiyo mama hana mchezo. Simu inazimwa, inatiwa kwenye bahasha yenye namba, bahasha inagundishwa. Namba zinafuata foleni. Karatasi za nje haziingii ukumbini, basi namba yako unaibeba kichwani, na ukitoka unaitaja mwenyewe. Mama haruhusiwi kukudokezea hata tarakimu moja. Hazizidi tarakimu tatu, lakini kuna walioingia wakizinong'ona huku jasho linawatoka, utadhani wamebebeshwa gunia la saruji.

Siku ya mtihani wa mantiki, yaani somo la kufikiri kwa mpangilio, Bingwa alifika mbio. Jina hilo kajipa mwenyewe. Yuko mwaka wa mwisho, na mtihani huo alikuwa anaurudia mara ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho. Ana wafuasi elfu arobaini mtandaoni, na kila siku saa tisa alasiri anawafundisha namna ya kufikiri.

"Wewe ndiye wa mwisho, baba," Mama Bahasha akamwambia. "Nyuma yako nafunga mlango. Namba yako hii hapa, ishike."

Bingwa akaishika kwa njia anayoijua: akaipiga picha. Kuisoma hakuisoma, jicho lilikuwa linatafuta mwanga mzuri. Kisha akaizima simu, akaitumbukiza kwenye bahasha pamoja na picha ya namba tumboni, akaingia ukumbini kifua mbele.

Mtihani ulikuwa wa muda wa saa tatu. Dakika arobaini baadaye Bingwa alikuwa nje. Swali la kwanza alilijibu. La pili alilisoma hadi katikati, likamchosha, maana halikuwa na picha wala muziki. Vidole vikaanza kumwasha. Akakabidhi karatasi.

"Simu yangu, mama."

"Namba."

"Iko kwenye simu."

"Na simu iko wapi?"

"Kwenye bahasha."

"Bahasha namba ngapi?"

"Ni nyeusi," Bingwa akasema. "Kioo kimepasuka pembeni."

"Humu zote nyeusi, na nyufa ndiyo sare yenu."

"Fungua chache tu, nitaiona. Nani atajua?"

"Mzee aliyekalia kiti hiki kabla yangu aliambiwa hivyohivyo. Sasa hivi anapalilia bustani ya shemeji yake."

"Mama, saa tisa natakiwa hewani. Nitakuanika mtandaoni. Watu elfu arobaini watakujua."

"Kwa simu ipi, mwanangu?"

Bingwa akaketi kwenye benchi. Mbele yake kulikuwa na mlango, na juu ya mlango ubao, na kwenye ubao msimamizi alikuwa ameandika kwa chaki: WATAHINIWA 211. Alikuwa na kila kitu. Aliingia wa mwisho, na aliambiwa hivyo kwa mdomo. Namba zinafuata foleni. Jumla ilikuwa inamkodolea macho. Mtihani wa mantiki ulikuwa umetoka nje kumfuata, umejaa huruma, ukiwa na swali la alama za bure. Ukimpigia mbuzi gitaa, angalau mbuzi hutikisa sikio.

"Thelathini na nne?" akajaribu baada ya saa nzima.

Mama akatikisa kichwa, macho kwenye sindano.

"Tisini na kitu?"

Sindano zikaendelea.

Ukumbi ulipofunguliwa wenzake wakamiminika, kila mtu na namba yake, wakachukua na kwenda zao. Saa tisa ikapita. Mezani ikabaki bahasha moja.

"Ndiyo hiyo," Bingwa akasema.

"Namba."

Akainama, akaisoma kwa kidole. "Mia mbili na kumi na moja."

"Weka saini hapa."

Bingwa aliitazama bahasha, akautazama ubao, akairudia bahasha. Kitu kama fikra kilimpita usoni, kikakosa pa kukaa, kikaenda. Akawasha simu. Kati ya wafuasi elfu arobaini, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza yuko wapi. Basi akasimama mlangoni, akamgeuzia Mama Bahasha kamera, akakohoa, akatoa sauti ya mhubiri.

"Wapendwa wangu, huyu ndiye mama mwenye kumbukumbu kuliko wote chuoni. Kagawa simu mia mbili na kumi na moja bila kukosea hata moja. Mama, iambie dunia siri ya akili yako."

Mama Bahasha alikuwa anakunja sweta.

"Bahasha zimeandikwa namba," akasema. "Toka mlangoni, nafunga."