Sulbha Hatoki Parel

Msinihadithie mie habari za mipango miji! Siku serikali iliposema mitaa yote iliyo karibu na stesheni mpya ya treni itajengwa maghorofa marefu, mradi zaidi ya nusu ya wapangaji wakubali, nilijua hapa mtaani kwetu Parel damu itamwagika.

Jirani yangu Sulbha Tandel, muuza samaki, alikataa katakata. Mumewe alifia kwenye chumba kile, mwanawe Prathamesh alizaliwa mle mle.

"Nikatupwe Mankhurd huko pembezoni mwa jiji, kwenye majalala, stesheni waachiwe matajiri wenye magari yao? Thubutu!"

Kosa tulilifanya wenyewe. Kila sikukuu ya Krishna vijana wetu hupandiana mabegani, wakavunje chungu cha maziwa mgando kilichoning'inizwa juu. Mwaka ule tajiri mwenye kujenga hayo maghorofa, Bwana Vakharia, aliwanunulia fulana zenye jina lake, akawalisha siku zote za mazoezi. Tukapiga vigelegele, Sulbha mbele yetu! Prathamesh alisimama chini kabisa, akiwabeba wenzake. Na kwetu timu ikishavaa jina la mtu, akiita inakwenda.

Akawaita. Wakaja na nondo. Walimng'oa meno mzee Bhosle, jirani aliyekataa naye kuhama, wakamtupa mwanawe ngazini. Kwenye mkutano wa wapangaji watu wakanyoosha mikono kukubali, wengine wakilia. Akabaki Sulbha peke yake.

Mlango wake waliuvunja mchana kweupe. Aliyetangulia kuingia ni Prathamesh.

"Mama, toka. Watakuumiza."

"Nani ataniumiza? Mwenye nondo si wewe, mshenzi mkubwa!"

"Nimesema toka!"

Akapiga kabati la vyombo, akapiga picha ya baba yake ukutani, kisha akampiga mama yake begani. Mfupa ukivunjika niliusikia mimi mwenyewe, mlango wa pili. Sulbha akageuka na kisu chake cha samaki, akamkata kwenye mkono wa kulia, akaurudia tena. Jamani, damu ile! Wale mashujaa wengine wakatimua mbio.

Polisi wakamchukua Sulbha. Alipoachiwa, chumba kilikuwa kimeshakuwa shimo la msingi wa ghorofa.

Juzi nilimtembelea huko huko Mankhurd. Nilimkuta anamlisha Prathamesh wali na mchuzi wa samaki, tonge kwa tonge, maana mkono wa kulia haufanyi kazi tena, na kwa wa kushoto kwetu hatuli.

"Tafuna," akamwambia.

Bega la mama halinyanyuki vizuri. Mwanawe huinamisha kichwa kulifuata tonge.