Saini Niliyoomba Ifutwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa likizoni nyumbani Nyamache, nimeketi kwenye mlango wa jiko la nyanya yangu, Magokoro, namenya ndizi huku najisifu. Nilikuwa muuguzi kijana, nimeajiriwa katika hospitali ya visiwa vya mbali huko Pasifiki, ambako mabomu ya nyuklia yalijaribiwa na wenyeji wakaachiwa madhara ya mionzi mwilini. Wakubwa wangu walikuwa wameandika mpango mpya wa matibabu, wakanipa niukague kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikishinda na wagonjwa kutwa. Niliusoma ndani ya ndege, nikaona maneno mazuri, nikatia saini, nikalala.

Magokoro akauliza wagonjwa watajulikanaje. Nikamweleza: familia nzima itaketi pamoja, maswali yatasomwa, kila mtu atajibu palepale. Uvimbe, hedhi, mimba zilizoharibika, yote. Nilimwambia bila kupepesa macho, maana kwetu Kisii mjukuu na nyanya huongea lolote. Kwa wazazi na wakwe ndiko kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya, na huko mambo ya mwili hayatajwi.

Akaacha kuchochea moto. "Wewe ungemtajia baba yako mimba iliyoharibika?"

"Magokoro, jamani! Hata mtu anishikie panga!"

"Na hao wa huko?"

"Wale si kama sisi."

"Uliwauliza?"

Nikachukua ndizi nyingine, nikainamia kisu.

"Hukuwauliza, na umeshatia saini. Kumbe ni wewe peke yako uliyelelewa na watu wenye adabu?"

Mwanangu, niliona aibu mpaka ndizi nikaimenya pamoja na nyama yake. Nilikuwa nimesoma, nimepanda ndege, nikadhani kuoneana haya ni jambo la kijijini kwetu tu.

Niliporudi nilimtafuta mpishi wa hospitali, mama mcheshi, mwenyeji wa kule, ambaye familia yake ilikuwa imefanyiwa majaribio ya yale maswali nilipokuwa likizoni. Nilimkuta peke yake, nikamuuliza kama mambo yale angeweza kuyataja mbele ya baba yake. Akacheka.

"Baba si neno. Kwetu ni kaka. Mbele ya kaka yangu siwezi kutaja mwili wangu, na siku ile yeye ndiye aliyeshika kalamu kuandika majibu yetu."

Kisha akashusha kitambaa alichojifunga shingoni, akanionyesha uvimbe. Mimba tatu pia zilikuwa zimemtoka. Kwenye fomu yake kulikuwa na maneno mawili tu: hana shida.

Nililia mbele yake, na sioni haya kukuambia. Kesho yake nilienda kwa wakubwa nikasema nimekosea, saini yangu ifutwe. Mmoja alinikaripia vibaya sana, na alikuwa na haki. Lakini mpango ulibadilishwa, kila mtu akawa anaulizwa faraghani, wanawake na muuguzi mwanamke. Mama yule alipasuliwa mapema akapona, na miaka yote niliyobaki kule alininenepesha kwa samaki.

Sasa nasikia nawe umepewa mpango wa afya uukague, huko Kenyenya. Nimefurahi kupita kiasi, hata majirani wamechoka kusikia. Ila nakuomba: kabla hujatia saini, mtafute yule atakayeulizwa maswali, mkae wawili tu, umuulize ni mbele ya nani hawezi kusema. Usijibu kwa niaba yake kwa kuwa ni mtu wa kwenu. Hata Magokoro, pamoja na akili zake zote, alikisia baba, kumbe ni kaka. Na ukikosea, rudi useme umekosea, hata wakukaripie.

Nenda na baraka zangu, mwanangu. Mungu akupe moyo wa kusikiliza, na kila utakayemuuliza akuambie panapomuuma.