Kikombe cha tatu cha Gashe Anjulo

Saa mbili asubuhi, Gashe Anjulo Shagre ameshatumbukiza miguu kwenye shimo la mtambo wake wa kufumia, hapa Shiro Meda, mtaa wa wafumaji jijini Addis Ababa. Anakunja vidole, anavikunjua, anavikagua kimoja kimoja kama mtu anayehesabu kuku wake.

"Leo havijagoma," anasema, na uzi unaanza kukimbia.

Mfumaji huyu ana umri wa miaka hamsini na minane, na kwa miaka tisa baridi yabisi imekuwa ikimvimbisha viungo. Baada ya Pasaka bintiye Marta anaolewa. Yeye ni Mdorze, kabila la wafumaji, na Mdorze gani atamwacha mwanawe avae netela, shuka jepesi la pamba la harusi, iliyofumwa na mtu baki? Lakini mpaka Timkat, sikukuu ya ubatizo ya Januari, shuka hilo la siku nne lilikuwa limemla wiki tatu na hata nusu halijafika.

Majirani wakamhurumia. Kila jioni walijaa kwake na kahawa, asije akabaki peke yake na maumivu. Kikombe cha kwanza, cha pili, na cha tatu chenye baraka, ambacho ukikikataa umewavunjia watu heshima. Gashe hakukataa hata kimoja. Halafu alikesha macho makavu.

"Nilidhani maumivu ndiyo yananinyima usingizi," anasema. "Kumbe na kukesha nako kunayachochea."

Aliyeligundua ni Sista Yodit wa zahanati. Dawa hakuzibadilisha, aliuliza tu analalaje.

"Mwili usiolala huzidisha uvimbe, Gashe," alimwambia, "na maumivu kidogo unayasikia makubwa. Kahawa ya jioni ndiyo inayokukesha; ipunguze."

Kazi ikawa kumkabili Etiye Zenebech, jirani anayepika kahawa hiyo. Jioni alipokataa kikombe cha tatu, mama huyo alibeba birika lake akaondoka.

"Nilinuna, sifichi," anasema Zenebech. "Namletea mtu baraka, ananiambia nesi kakataza. Tangu lini baraka ikaandikwa na nesi?"

Siku mbili hakuonekana. Ya tatu alitokea asubuhi, jiko mkononi. "Haya, kunywa sasa, tuone utasingizia nini."

Tangu hapo kahawa ni ya asubuhi. Gashe hajapona, na siku mbaya zipo, ila sasa analala kwa saa sita kila usiku na netela imebakiza shibiri mbili. Nafurahi kuliandika hilo.

Na usiku wa harusi, atalala mapema?

"Thubutu. Nitakunywa vyote vitatu, nicheze mpaka kuche," anasema. "Vidole vikigoma kesho yake, vigome. Marta atakuwa ameshavaa."