Mzizi Chini ya Kitanda cha Kidoti

Mchana kweupe, kitanda cha mwanangu kilihama chenyewe.

Asubuhi kilikuwa kimegusa ukuta. Mchana nikakikuta kimejisogeza hadi karibu na dirisha.

"Mama, huku chini kuna kitu kinakwaruza," Kidoti akasema.

Nje ya dirisha lile kuna mti wangu. Siku ya kuuchagua, muuza miche alinionyesha aina kibao. Mimi nilitaka mti sugu, maana kila nilichowahi kupanda kilikufa. Nikachukua miche mitatu, nikaiweka kibarazani bila tone la maji.

Miwili ikanyauka. Wa tatu ukachipua, tena kwa jeuri.

"Huu ndio wetu," nikamwambia mume wangu. Tukaupanda karibu na ukuta ili mtoto apate kivuli.

Sasa ulishapita paa, na kiangazi chote majani yalikuwa mabichi, wakati bustani za majirani zimekauka. Ulikuwa unakunywa nini? Swali hilo liliniogopesha kuliko kitanda.

"Mizizi imeingia ndani," mume wangu akasema. "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Naukata."

Akachukua shoka, akaanza na mzizi mnene uliopita chini ya ukuta. Mimi nikaenda kumwangalia Kidoti, alikuwa kalala kitandani kwake.

Ko! Shoka likalia nje. Marumaru ya sakafu ikalia ndani: kwaa!

Nikasimama mlangoni.

Ko! Ufa ukakimbia sakafuni hadi mguu wa kitanda. Kitanda kikasogea, naona kwa macho yangu.

"Baba Kidoti, acha! Acha!"

Hakusikia. Nikamnyakua mtoto na shuka lake, nikatoka mbio. Ko! Nyuma yangu sakafu ikazama, na kitanda kikazama nayo.

Ndani ya shimo tukaona bomba, tukamwita fundi.

Fundi bomba alipokuja, alimulika shimo kwa tochi, akainama kuchungulia.

"Mti mnauonea bure, mama. Bomba la bafuni lilipasuka kitambo. Maji yamesomba udongo wote, ndiko kukwaruza mlikosikia, na sakafu ikalala upande, kitanda kikateleza. Mti ulifuata maji tu."

"Na hiyo mizizi?" mume wangu akauliza.

"Ndiyo iliyokuwa imeishikilia sakafu. Bila hiyo, mtoto angeshaingia humu siku nyingi."

Mume wangu akalaza shoka chini polepole, kama kitu cha kuazima.

Jamani, pandeni mti sugu, lakini mbali na nyumba. Na ukiuona umestawi wakati mvua hamna, usikimbilie shoka. Kwanza tafuta unakunywa wapi, na umeshika nini.

Mti hatukuukata. Kidoti analala chumbani kwetu, na mimi kila nikioga, nafunga maji katikati, nasikiliza sakafu.