Tangazo Husomwa Getini Kwanza

Kila tangazo alilokabidhiwa, mama Esteria alilibeba hadi getini kabla ya kuingia nalo studio. Pale alikaa Ndaki, Msukuma wa Ilembo aliyeuza maziwa na ambaye Kiswahili kilimjia ukubwani. Esteria alimsomea taratibu, kisha akamwambia amweleze alichosikia. Ndaki akikwama, karatasi ilichanwa.

Redio yetu ya Mpanda leseni yake ni ya Kiswahili, lakini wasikilizaji wetu wanaota kwa Kibende, Kikonongo, Kipimbwe, Kifipa, Kisukuma. Esteria, Mpimbwe wa Usevya, aliingia kama mpokea wageni. Msomaji alipougua akashika maikrofoni, na hakuiachia. Lafudhi ya kwao ilimfuata hewani. Meneja wetu, Melkiadi, haikumpendeza. Alitaka redio yake isikike kama za Dar es Salaam. Siku moja alimwambia kwamba ikifika mwisho wa mwezi atarudi mapokezi. Esteria aliitikia tu. Lakini mchana ule nilimkuta studio peke yake, kiganja chake juu ya maikrofoni kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa.

Wiki hiyohiyo daktari wa mifugo alileta tangazo la chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe huko Kabungu. Nililiandika mimi, kwa Kiswahili changu cha chuoni: wafugaji wafike, wataje majina, mifugo ihesabiwe, ndipo ichanjwe. Melkiadi akalisoma mwenyewe, kwa sauti nzuri sana. Siku ya chanjo walikuja watu wanne. Ng'ombe waliendelea kufa.

Daktari aliomba tujaribu tena Jumanne inayofuata. Esteria alichukua karatasi yangu bila kuniuliza, akaenda nayo getini. Nilimfuata.

Ndaki alisikiliza mpaka penye kuhesabu, akaanza kucheka.

"Nyie Wapimbwe mnajua mpunga, ng'ombe mtawajulia wapi? Shemeji zangu wakisikia kuhesabiwa wanazima redio. Wanajua baada ya hesabu kuna kuhamishwa na kunyang'anywa ng'ombe. Hiyo dawa mnayoitaja mwishoni nani ataisikia?"

Esteria hakucheka. Alimpigia daktari simu palepale, akamuuliza hesabu ni ya nini. Akajibiwa ni ya kujua chupa ngapi zitoke kwenye barafu, basi. Akakaa kwenye ndoo ya Ndaki iliyofunikwa, akaandika upya: kuna dawa ya kuzuia kifua cha ng'ombe, tutahesabu ili chupa zitoshe, hakuna ng'ombe atakayechukuliwa. Ndaki aliyarudia yote bila kukwama.

Melkiadi aliposoma karatasi alisema hiyo si lugha ya redio.

"Basi nisome mimi, meneja," Esteria akamwambia. "Wasipokuja, mapokezi naenda kesho. Sitasubiri mwisho wa mwezi."

Akalisoma siku tatu, asubuhi na jioni, kwa lafudhi yake yote.

Jumanne nilikwenda Kabungu na Melkiadi. Tulianza kuona vumbi kabla ya kuona watu. Ng'ombe walijaa barabara, wakamwagika mashambani, na gari letu likasimama katikati ya pembe. Saa sita chupa zilikwisha; daktari akaagiza nyingine mjini. Mzee mmoja alimuuliza Melkiadi kama yule mama wa redio amekuja, maana alitaka kumwona. Melkiadi akajibu kwamba yuko kazini, studio.

Suala la mapokezi halikutajwa tena. Esteria alisoma hewani miaka sita zaidi, na sote tulipewa amri ya kupitisha matangazo getini.

Siku aliyostaafu na kurudi Usevya, alipita mezani kwangu kuniaga. Sikumwona tena, alifariki wakati wa mavuno ya mpunga. Siku hiyo ya kuagana nilikuwa nimeshika tangazo la kukatika maji, na nilitaka kumwambia jambo kubwa, sikumbuki lipi. Alilichukua tangazo, akalitazama, akanirudishia.

"Ndaki yuko getini, mdogo wangu. Wahi kabla maziwa hayajamwishia."