Kupanda Kaniamwia

Kiswahili tulikifanya lugha ya nyumbani kwa ajili ya mtu mmoja. Ndugu yangu mkubwa alioa Mkuria kutoka kule mpakani, upande wa Migori, na Kijaluo kilimkwama shemeji yangu kooni miaka yote. Basi ndani ya nyumba yao sote tulisema Kiswahili, hiki chetu cha sokoni kinachochechemea. Na kuna neno moja la Kiswahili ambalo sijalisamehe mpaka leo. Sisi Wajaluo, kukwea mlima tunasema idho, kutia mbegu ardhini tunasema komo, na hakuna mtu anayeweza kuchanganya. Kiswahili kinasema panda kwa yote mawili, kisha kinakuachia mwenyewe utambue.

Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya uhuru. Tulikaa bonde la Lambwe, chini kabisa ya mlima wa Kaniamwia, na mtu akitoka kwetu alikuwa na njia mbili. Moja ilipita bondeni kwenda Homa Bay, tambarare, na huko kulikuwa na hospitali ya serikali. Nyingine ilipanda Kaniamwia, kona juu ya kona, hadi Ndhiwa. Wazazi wetu walikuwa wameshakufa. Boma lilikuwa la ndugu yangu, mimi nyuma yake, na kwetu mkubwa ndiye anayetangulia kutia mbegu ardhini. Mdogo akimtangulia amevunja mwiko, na mwiko huo huleta chira: mtu anakonda, anakwisha pole pole, na dawa ya hospitali haimsaidii. Kinachomsaidia ni manyasi, mitishamba ya mganga anayejua kuliondoa kosa.

Mwaka huo mvua ilikuja mapema. Mahindi ya majirani yalikuwa yamefika magotini na sisi hatujatia hata punje, kwa sababu ndugu yangu alikuwa amelala. Mtu aliyezoea kuamka kabla ya ng'ombe alikuwa sasa analala mchana, analala akiongea, analala na tonge mkononi. Mimi nilimwona mvivu. Hasira zangu haziko mbali, kila mtu kwetu anajua, na asubuhi moja nilisimama mlangoni pake na jembe begani nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta ugomvi, kama tutakula mawe mwaka huu. Alikuwa kitini, macho yamefumba. Akasema neno moja tu, panda. Shemeji alikuwa pale na alilisikia. Nikaenda zangu, nikapanda shamba langu lote kwa siku mbili.

Siku ya tatu alipata nguvu kidogo, akatoka nje, akaiona mistari yangu. Aliniuliza ni nani aliyeniruhusu. Nikamwambia ni wewe. Akakataa katakata, akasema hajawahi kusema kitu kama hicho, nami nikaona ananigeuka. Baada ya hapo akaanza kukonda. Kichwa kikawa kinamuuma, tezi za shingo zikavimba, mikono ikawa inatetemeka hata kikombe hakitulii. Wazee wa ukoo walikuwa wananitazama tu wakija kumjulia hali, na macho yao nilikuwa nakwenda kulala nayo.

Shemeji ndiye aliyesema kwamba hii si chira, ni malale. Alisema mbung'o wa vichakani wamemuuma alipokuwa akichunga, na kwamba mtu mmoja ng'ambo ya kijito alilala hivi hivi, akapelekwa Homa Bay mapema, akachomwa sindano, akarudi anatembea. Akaniomba nimpeleke huko. Aliniomba mara mbili, na mara ya pili alipiga magoti, jambo ambalo si desturi yake. Nikamjibu maneno ambayo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze: kwamba mambo haya ni ya Wajaluo, Mkuria atayajulia wapi. Aliifungua leso kiunoni akanipa, nimfunge nayo ndugu yangu mgongoni pangu, asije akalala akaanguka kutoka kwenye baiskeli.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya ndugu yangu. Nyeusi, nzito, na keria pana nyuma aliyokuwa akibebea magunia ya mtama. Zamani hakuniruhusu hata kuipiga pampu. Siku hiyo nilimpakia kama gunia, nikamfunga, na tulipofika penye njia mbili nikakata kwenda mlimani, kwa mganga wa manyasi. Wala sikusita. Ningependa kusema nilisita.

Watu wanaopita Kaniamwia siku hizi kwa gari hawajui ule mlima. Barabara ilikuwa mawe na vumbi jekundu, na siku isiyo ya soko husikii hata mbwa. Kona mbili za kwanza niliendesha nikiwa nimesimama juu ya pedali, najipa moyo, mwili wote kwenye usukani. Kona ya tatu mapaja yaliwaka moto. Kila nilipokanyaga, baiskeli ilisogea kiasi cha unyayo, na kichwa cha ndugu yangu kikanigonga kati ya mabega, kikapumzika, kikanigonga tena. Niliona aibu kwa wepesi wake. Huyu aliyenibeba begani nilipokuwa mdogo, sasa nilisikia uzito wa keria kuliko wake. Cheni ikachomoka. Nikaegemeza baiskeli kwenye jiwe huku nimefungwa naye, nikajipinda kuirudisha, nikajipaka grisi mpaka kwenye macho. Nikalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, nikaendelea.

Jua lilikuwa utosini. Chini yetu bonde lote lilionekana, na ile njia ya Homa Bay imelala pale wazi, nyembamba, bila kilima hata kimoja. Niliiona. Nasema niliiona kwa macho yangu haya, nikageuza uso nikatazama tairi la mbele.

Nilipoishiwa pumzi nilishuka nikawa nasukuma, naye ameinamia kiti, leso imetufunga mkono kwa mkono. Hapo ndipo alipoamka. Alitazama mawe, akatazama mlima uliobaki, akacheka kile kicheko chake cha zamani.

"Hata kwenye baiskeli yangu umenitangulia," alisema.

Nilimwambia anyamaze asichoke. Hakunyamaza. Alikuwa na akili zake zote, dakika zile chache, na alizitumia kwa hilo.

"Siku ile uliyoniuliza, nilikuwa naota. Tulikuwa hapa hapa, mlimani, wewe unaendesha, umechoka, unataka kushuka. Ndiyo nikakuambia panda. Mlima, bwana mdogo. Sikusema mbegu."

Nilisimama katikati ya barabara. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakusema mapema, lakini alikuwa amekwisha kufumba macho. Mtu mwenye akili angegeuza baiskeli pale pale. Mtu mwenye akili angejiuliza: mtu gani huota mchana akiulizwa swali, kama si mgonjwa tayari? Alikuwa amelala kabla sijapanda punje moja. Chira gani hiyo inayokuja kabla ya kosa? Jibu lilikuwa limewekwa mkononi mwangu kama kikombe cha uji, nami nikalishika visivyo. Mimi nilisikia jambo moja tu: kwamba hakuniruhusu, kwa hiyo kosa ni langu lote, kwa hiyo lazima tufike kwa mganga haraka zaidi. Nikapanda.

Sijui niseme nini juu ya kona zilizobaki. Niliendesha kama mwendawazimu. Tulipofika juu miguu ilikataa kusimama, nikaanguka naye, tukalala majanini tumefungwa pamoja na leso ya mke wake, gurudumu linazunguka.

Mganga alikaa mbele kidogo, upande wa Ndhiwa. Alichemsha manyasi, tukanywa kutoka kibuyu kimoja, mkubwa kwanza, mimi baadaye, kama inavyotakiwa. Ndugu yangu alishindwa kumeza, mengi yakamwagikia kifuani. Mimi nilikunywa yangu yote. Na nitasema ukweli: nilijisikia mwepesi. Nilikuwa nimepanda mlima ule ili nisafishwe mimi, na nilisafishwa. Tuliambiwa tungoje majuma mawili yamwingie vizuri.

Tukarudi nyumbani, tukangoja. Shemeji hakuniomba tena. Majuma mawili yalipokwisha, ndugu yangu hakumtambua mtu, na nikampakia tena kwenye ile keria, leso ile ile, nikakata njia ya bondeni. Baiskeli ilikwenda yenyewe. Sikutoa jasho. Kila nilipoona jinsi ilivyo rahisi nilitamani kokoto, nilitamani kilima, kitu chochote cha kunizuia.

Hospitalini walimchoma sindano ya mgongoni, wakatoa maji, wakayapima. Daktari hakunifokea. Alisema wadudu wameshaingia kwenye ubongo, na kwamba majuma machache nyuma ingekuwa habari nyingine. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama tulicheleweshwa na ubovu wa njia.

"Hapana," nikamwambia. "Njia ni tambarare."

Alikufa siku ya nne. Tulimzika bomani, mbele ya nyumba yake, na wazee wakanipa pole kama mtu aliyejitahidi. Wanasifu mpaka leo, wale waliobaki, jinsi nilivyompandisha mgonjwa Kaniamwia peke yangu kwa baiskeli. Nawaacha waseme.

Mvua ya mwaka uliofuata ilikuja kwa wakati wake. Majirani walianza kutia mbegu, na sisi boma letu likabaki kimya, maana nilikuwa ninamngoja mkubwa aanze. Haki ya Mungu, nilikuwa ninamngoja. Shemeji alitoka ndani na ungo wa mbegu, akauweka miguuni pangu. Alikuwa amejifunga leso ile, imefuliwa, alama ya grisi haijatoka.

"Panda, shemeji," alisema. "Hakuna wa kumngoja."

Na mimi, mpumbavu, nikageuka kwanza nikautazama mlima. Kisha nikainama nikauchukua ungo.