Zamu za Maji na Usanidi Usiotajwa

Kwa siku kadhaa maji ya Githongo yaligawanywa bila kosa kwenye skrini yetu, huku miche ya kabeji ya Mama Mwenda ikikauka.

Nilianza kazi asubuhi ya ukungu, ghorofani juu ya bucha moja ya Majengo, mjini Meru. Mlio wa panga likipasua mifupa ulipanda kupitia sakafu na kuchanganyika na mvumo wa kompyuta, hata nikahisi ni mashine zinazopumua. Tulitunza mfumo wa mradi wa maji: zamu ya mkulima ikifika, anapata ujumbe kwa simu, anaenda kufungua koki.

Tulijenga juu ya kiunzi, yaani programu yenye nguzo tayari, wewe unaongeza vyumba, yaani sehemu zenye kazi zake. Kila chumba kilitajwa kwenye orodha. Ukitaja jina la chumba tu, kiunzi kilikipa usanidi wake wa kawaida, yaani mipangilio ya kuanzia. Ukitaka usanidi uliouandika mwenyewe, wenye amri za kutekelezwa chumba kinapoamka, ilibidi uutaje wazi. Amri ya kutuma ujumbe ilikaa kwenye usanidi wa namna hiyo, wa chumba cha zamu.

Msimamizi wa mifumo alipenda orodha fupi. "Madam, andika jina tu," aliniambia, akifuta mwisho wa mstari wangu. "Hii kitu inajua yenyewe. Ama unataka kuifundisha kama darasa la kwanza?"

Kiunzi hakikulalamika. Zamu zilihesabiwa, ujumbe haukutoka. Mama Mwenda, aliyekuwa ameahidi miche hiyo kwa majirani, akanipigia simu.

"Mama Kinya, hiyo kompyuta yenu imelala, ama ni mimi nimesahauliwa?"

Msimamizi alisoma orodha, kisha akarudisha jina kamili la usanidi kwa mkono wake.

Nilipohamishiwa Embu, nikiwa msimamizi mwenyewe, toleo jipya la kiunzi lilijifunza kutafuta: likikuta usanidi mmoja, linauchukua bila kuambiwa. Tulifurahi, na orodha zikarudi kuwa majina matupu, hata Meru.

Sasa nimestaafu. Mawingu hushuka polepole hadi kwenye shamba langu la kahawa, na kazi ile hunijia kama nyumba niliyowahi kuiota. Wiki hii vijana wa Meru wameniambia wameongeza usanidi wa pili kwenye chumba kile cha zamu, na hawakutia alama upi utumike. Kiunzi kikikuta mbili hivyo, kinaziacha zote na kurudi kwenye ule wa kawaida, usio na amri ya ujumbe. Nimewaandikia; hawajajibu.

Mama Mwenda amepanda miche tena. Zamu yake ni leo, na simu yake bado haijalia.